Makopo ya Jiko la Binti Yangu

Wakati wa vita ya pili ya Wazungu niliamini, kwa moyo wote, kwamba ndege za adui hazitafuti askari wala bunduki. Zinatafuta makopo. Kopo likikaa uani limekenua mdomo juu, jua likalipiga, linamulika mpaka mawinguni. Rubani analiona, anasema, "Hapa pana watu," anaachia bomu. Ndiyo maana serikali ilikuwa imeamuru nyumba zote za Tabora mjini zisiache kopo limetazama juu. Amri ilikuwa ya kweli, ilibandikwa sokoni. Sababu yake nilipewa na abiria aliyeshuka treni ya Mwanza na tenga la kuku. Nilikuwa kuli pale stesheni, nikambebea tenga na uvumi kwa pamoja.

Msinicheke. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, na kwetu tulilelewa kwamba mtu aliyetoka safari haulizwi ushahidi. Anapewa maji, anasikilizwa. Na tangazo lenyewe nisingeweza kulisoma, maana darasa la jioni, ambalo baadaye nilihitimu kwa kishindo kilichosikika Kigoma, nilikuwa bado sijaliingia.

Shida ni kwamba mtaani kwetu Chemchem hapakuwa na ua wenye makopo kama wangu. Yalikuwa mali ya binti yangu, mwanangu wa pekee wakati ule, wa miaka sita. Mpishi wa behewa la chakula alikuwa akinipa makopo matupu, nami nikimpelekea mtoto: la maziwa, la samaki, na moja la biskuti, la mraba, ambalo kwa maelezo ya mwenyewe lilikuwa kabati. Yalifika kama mia tatu. Mke wangu anasema yalikuwa kumi na manne.

Nyuma ya jiko la mama yake alikuwa na jiko lake: mafiga matatu ya vijiwe, na watoto wake wa magunzi waliovikwa matambara, wamekaa wanasubiri chakula. Nikitoka kazini sikuingia ndani kabla ya kuchutama pale nikala ugali wa vumbi.

"Ongeza, baba."

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba. Unaona aibu."

Jioni ya siku ile ya tenga sikuchutama. Nilisomba makopo yote kwenye gunia, nikayamwaga katika shimo la zamani la udongo nyuma ya choo, nikafunika kwa matawi.

"Nitapikia nini?" akaniuliza.

"Ni amri ya serikali," nikamjibu.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Kesho yake nilikuta mafiga matupu. Mke wangu alikuwa anapeta mtama, hakuinua hata macho.

"Mwanao amehama," akasema. "Kachukua watoto wake wote, kaenda kwa bibi."

Bibi huyo alikuwa jirani yetu, mjane, na uani kwake kulikuwa na kopo moja la tumbaku lenye kutu. Kwa kopo hilo moja mtoto akashinda huko siku ile, na ya pili, na wiki nzima. Akirudi magharibi ananisalimu, "Shikamoo, baba," kwa adabu kama mgeni wa kulala siku moja, anakwenda kujilaza. Nikawa nakula ugali wa kweli, wala haunishibishi.

Basi Jumapili, baada ya misa, nikaamua kumtengenezea upya mahali pake mpaka arudi mwenyewe. Niling'oa magugu, nikafagia, nikaleta udongo wa kichuguu na kukandika sakafu ikawa laini kama shavu la mtoto. Nikajenga kibanda cha nyasi cha kuzuia jua, ndani yake kichanja cha fito cha kupangia vyombo. Mama mkwe alikuwa ametuletea vibuyu kutoka Bukene; vidogo nikavikata vikawa vikombe. Sokoni nikanunua vyungu vitatu vya ukubwa wa ngumi. Magunzi nikayatengea kikapu, kiwe kitanda chao.

"Hata mimi hujanijengea kichanja kama hiki," akasema mke wangu.

"Wewe hujahama."

"Kumbe dawa ni kuhama!"

Nikaenda kumwita binti. Akaja ameshikwa mkono na bibi. Akazunguka kibanda, akagusa kichanja, akachukua chungu, akakigonga kwa kijiti. Akakirudisha mahali pake.

"Pazuri, baba. Asante. Lakini hiki hakilii."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mjenzi wangu! Umejenga msikiti, ukamsahau mwadhini!"

Wakaondoka. Magunzi hakuyaleta.

Mvua zikaanza. Siku moja akaja bwana afya, mtu mzima wa kaptula ya kaki na fimbo, anakagua nyumba moja moja. Nikamwamkia, nikampitisha kwenye kibanda ili akisifu. Akakisifu. Kisha akazunguka nyuma ya choo, akasukuma matawi kwa fimbo. Makopo yalikuwa yamesimama shimoni, yamejaa maji ya mvua, na ndani yake viluwiluwi wanacheza ngoma.

"Nani kayaweka haya hapa?"

"Mimi, bwana afya. Nimeyaficha ndege zisiyaone." Nikamweleza yote, kwa fahari, kuanzia mwanga mpaka bomu. Bibi na binti yangu walikuwa wamekwisha kusogea, wanasikiliza.

"Nani kakwambia?"

"Abiria wa treni ya Mwanza."

"Alikuwa rubani?"

"Alikuwa na kuku."

Binti yangu akachungulia shimoni, akaliona kabati lake. "Baba, vyombo vyangu," akasema, lakini alikuwa anamtazama bwana afya.

Bwana afya akavua kofia, akajipangusa jasho.

"Hakuna ndege inayotafuta makopo," akaniambia. "Ni mbu. Kopo likitazama juu linashika maji, mbu anataga humo, nanyi mnaumwa homa. Tangazo linasema hivyo tu. Mwaga maji, uyatoboe matako kwa msumari, umrudishie mtoto vyombo vyake."