Hatua Mia Mbili za Mchanga

Dalali aliyeniuzia pikapu alinicheka mbele za watu. Mimi ni mwanamke wa kuuza alizeti na karanga, nakaa Makole, mizigo yangu mingi inaishia Msalato, na barabara ya kwenda Kondoa siku hizi ni lami tupu. Sasa mama, akasema, fowili ya nini? Alikuwa na pikapu mbili uwanjani kwake, rangi moja, umri mmoja. Moja ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Ya pili ilivuta kwa yote manne, ndiyo hiyo fowili. Ile ya kwanza haili mafuta, akasema, na fundi yeyote anaijua. Hii ya pili ni ya watu wa porini. "Wewe una pori gani, mama yangu?"

Ningemwambia nini? Kwamba nataka kununua gari zima kwa ajili ya hatua mia mbili za mchanga?

Hatua hizo nimezihesabu. Ukipita Kolo, ukaacha lami, ukashuka njia ya vumbi ya kwenda kwa mama yangu, unakuta korongo. Wageni wanauliza maji yako wapi. Maji yako chini. Kiangazi wanawake wanachimba mchangani kwa mabakuli mpaka yanatoka. Masika yanakuja kwa juu, kwa mkupuo, kutoka milimani ambako mvua imenyesha huku wewe uko juani unajifuta jasho. Daraja hakuna. Kwa hiyo kwetu dereva hafiki tu akaingia. Anazima gari ukingoni, anavua viatu, anatembea mpaka ng'ambo na kurudi. Mchanga wenye unyevu ni mgumu, atapita hapo. Mkavu unazama, ataukwepa. Nyayo zikisikia mtetemo, anakaa chini anasubiri maji yapite, hata awe amebeba bibi harusi.

Kaka yangu siku ile hakuvua viatu. Alikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa mimi. Nilikuwa kwa mama, uchungu umenishika tangu alfajiri, mtoto hatoki, ndipo kaka akaitwa aje na pikapu yake anipeleke hospitali. Yake ilikuwa inavuta nyuma tu. Ikanasa katikati. Wanawake waliokuwa wakichota maji walisema alikanyaga mafuta, akakanyaga tena, magurudumu yakazidi kujichimbia. Wakampigia kelele atoke, naye akawaonyesha kwa mkono: bado kidogo. Maji yakamkuta ndani.

Mtoto wangu alizaliwa jioni ile juu ya mkeka, mzima kabisa. Kaka tulimpata siku ya tatu, mbali huko chini, tukamzika. Gari halikuonekana tena. Watu walichimba, wakachimba, wakachoka. Na mimi tangu siku hiyo sijawahi kula keki ya kuzaliwa ya mwanangu bila kuhisi nameza mchanga.

Mama alikuwa na maelezo yake. Alisema kaka hajazima gari. "Nalisikia," aliniambia, "mchana nikienda kuchota. Linaguruma chini. Bado anataka kutoka." Mimi nikiogopa nagomba, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia ni uzee huo. Nikamwambia ni masikio, twende yakasafishwe. Nikamwambia hama, mama, uje Makole, kuna bomba uani. Akakataa miaka yote. "Nimwache na nani?"

Lakini nilijua siku itafika ambapo mama naye ataumwa upande ule wa korongo, na atakayepaswa kulivuka ni mimi. Basi nikanunua ya magurudumu manne. Dalali akanionyesha kila kitu, akachutama mbele, akanigusisha vifungo viwili vya duara katikati ya magurudumu ya mbele. "Hivi unavizungusha kwa mkono kabla hujaingia kwenye mchanga, mama. Usipovifunga, hiyo gia ya fowili ni pambo tu." Nikamwambia sawa, sawa, nimesikia, mimi si mtoto.

Siku niliyompelekea mama aione, aliizunguka mara mbili bila kuishika. "Ya kuvuta nyuma tu ingekutia woga," akasema. "Hii itakutia ujeuri." Nilinuna mpaka Kondoa mjini.

Simu ilikuja mwanzoni mwa mvua, mchana. Jirani yake mama alikuwa analia. Mama anashindwa kupumua, njoo. Niliacha magunia barazani, nikaondoka hivyo hivyo na aproni yangu. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilipofika korongo jua lilikuwa kali, mchanga mweupe, ila juu ya milima kulikuwa kumefunga mawingu, bluu nzito. Na hapakuwa na mtu. Wakati kama ule huwa kuna wanawake na mabakuli yao, kuna mbuzi, kuna kelele. Siku hiyo hata ndege sikumsikia.

Nilipaswa kuzima gari, nivue viatu. Mungu anisamehe, sikuvua. "Nina fowili mimi!" nilisema kwa sauti, sijui namwambia nani. Nikavuta ile gia, nikaingia.

Lilinasa katikati. Nikakanyaga mafuta, likazama. Nikakanyaga tena, huku mkono wangu umeinuka wenyewe hewani, na nilipouona nikajua nimeshawahi kusimuliwa mkono huo. Nikatoa mguu kwenye mafuta. Ndipo nikakumbuka vile vifungo. Miezi yote ile sikuwahi kuvigusa. Ningeshuka ukingoni kuvua viatu, ningepita mbele ya gari, ningeviona. Jamani!

Cha kulia nilikifunga. Cha kushoto kilikuwa kimeshafukiwa, ikabidi nipige magoti nichimbe kwa mikono, kama tulivyokuwa tunachimba maji. Mchanga wa chini ulikuwa mbichi, baridi mpaka kwenye kiwiko. Halafu vidole vyangu vikagusa bati.

Nilifikiri ni debe. Nikapapasa. Lilikuwa pana, tambarare, likaendelea, likafika kwenye ukingo uliojikunja, ule mfereji mdogo wa mvua unaokuwa juu ya mlango wa gari. Nilikuwa nimepiga magoti juu ya paa. Na lilikuwa la moto. Mchanga baridi kote, bati la moto, moto ule wa boneti iliyotoka safari ndefu. Na lilikuwa linatetemeka.

"Kaka," nikasema.

Nilifunga kile kifungo. Nikapanda, nikatia gia, na safari hii magurudumu ya mbele yakavuta, yakakwaruza chuma kule chini kwa mlio ambao sitausahau, yakashika. Gari likainuka likatoka.

Mama alikuwa ameketi kitandani, midomo imebadilika rangi. Tulimbeba na jirani tukamweka kiti cha mbele. Hata shikamoo yangu aliijibu kwa kichwa tu. Tulipokaribia korongo akaniuliza kwa shida, "Umevukaje?" Nikamwambia yote, paa, moto, yote, na sikugomba. Hakushangaa hata kidogo.

Nilifuata alama za magurudumu yangu, kwani sasa nilijua pale magurudumu yatapata cha kushika. Katikati akanishika mkono. "Simama."

"Mama, maji yanakuja!"

"Simama, nimesema."

Nikasimama, injini ikiwaka. Akafungua mlango, akavua ndala, akashusha mguu mtupu taratibu mpaka ukagusa mchanga. Mtetemo niliusikia kwenye sakafu ya gari, unapanda kwenye kiti, mpaka kwenye meno. Nilidhani ni injini yangu.

"Zima sasa, mwanangu," mama akasema, kila neno na pumzi yake. "Mdogo wako huyu hapa. Amevuka."

Mtetemo ukakoma. Injini yangu ilikuwa bado inawaka. Mama akarudisha mguu ndani, akafunga mlango, nami nikaendesha huku sioni vizuri mbele kwa machozi. Tulikuwa tumeshafika lami tuliposikia maji yakishuka nyuma yetu.

Alilazwa siku tisa. Siku ya pili tu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda najiandaa kugombana naye kama kawaida, alinitangulia. Aliniuliza kama lile bomba la uani Makole bado linatoa maji.