Paka Niliyemzuia Kutapika

Jirani yetu wa Buyenzi, mama mtu mzima anayeishi na paka wake tu, aliniletea huyo paka asubuhi akiwa amemviringisha katika kitenge. Paka alikuwa ametapika mara mbili. Mtaani wanajua nafanya usafi kwenye kliniki ya wanyama huko Mutanga Sud, na kwamba daktari akitoka nasoma vitabu vyake. Cheti sina. Nina daftari la vipimo, mistari yote kwa rula. Nilimpima paka uzito mara tatu, nikamchoma sindano ya kuzuia kutapika, kwa dawa iliyobaki kliniki. Akatulia. Kwa dakika chache nilijiona daktari.

Ndipo fundi wa gereji ya pembeni akapita kuulizia ndagala zake, dagaa wa kutegea. Alikuwa amezitia sumu, kwa ajili ya panya wanaotafuna viti vya magari, na mbili hazionekani.

Kumbe paka alikuwa anaitoa sumu mwenyewe, nami nikamzuia.

Ndani ya teksi ya kwenda kliniki, mama na paka wake pembeni, nilipanga kusema yote isipokuwa sindano. Daktari angenifukuza, na shule nyingine sina. Tulipofika nilimweleza habari ya sumu, naye akaanza kujaza sindano dawa anayotumia kulaza ng'ombe usingizi. Kwa paka, kiasi kidogo tu huamsha kutapika.

"We ulimupa kitu?"

"Apana."

Mama alikuwa ameshika miguu ya paka. Sindano ilipokaribia ngozi, nikashindwa kuficha.

"Nilimupa, dogiteri. Ya kuzuia kutapika."

Alisimamisha mkono, akauliza kiasi na saa. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba angekuwa mbwa tungekwama: dawa ya kumtapisha mbwa hufanya kazi palepale ubongoni ambapo yangu imefunga. Hii ya paka hupitia kwingine. Labda itapita.

Akachoma. Paka alilegea, akalamba midomo. Nilihesabu pumzi zake hadi nikapoteza hesabu. Kisha tumbo lake likajikunja, na mezani zikatoka ndagala zenye punje za sumu za rangi ya waridi. Mama akasema alhamdulillah taratibu, macho yakiwa kwangu.

Daktari hakunifukuza. Alinipa vidonge vya kusaidia damu kuganda, nimpelekee paka kila asubuhi kwa wiki kadhaa, kwa sababu sumu ile huzuia damu kuganda, na madhara yake huchelewa kuonekana. Mama hufungua mlango nusu na, kabla ya salamu, hunifanya nimsomee maandishi yote ya pakiti.