Noti Zilizofungia Sukari

Karatasi iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia huungua kwa harufu yake yenyewe: kwanza utamu wa jikoni, kisha ukali unaoganda kooni. Juzi jirani yangu hapa Kitengela alichoma takataka nyuma ya ukuta, na harufu hiyo ikaingia sebuleni mjukuu wangu akifanya mazoezi ya piano. Aliinuka akafunga dirisha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kumsikiliza.

Niwie radhi, msomaji, nikikurudisha Kajiado, kwenye nyumba za reli nilikokulia. Baba alikuwa karani wa stesheni, mtu wa tai na maneno machache. Sukari tulinunua kwa Mzee Noor, aliyetoka kaskazini-mashariki na kufanya biashara ya mbuzi kabla ya kufungua duka. Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimwachia magunia ya makaratasi, na ndani yake mlikuwa na muziki wa piano, kurasa kwa kurasa. Noor alifungia humo sukari, chumvi na mafuta.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, ambaye ndiye aliyepiga piano ya kanisa, alikuwa amenifundisha kusoma noti. Basi nikawa mtoto mwepesi kuliko wote kutumwa dukani. Nilikung'uta sukari bakulini, nikanyoosha karatasi chini ya godoro, nikazipanga kwa namba za kurasa. Vibonyezo vya piano nilivichora kwa mkaa kwenye ubao wa kitanda, nikapiga bila sauti, huku vyuma vya kitanda vikilalamika badala ya nyuzi.

Noor alining'amua mapema. "Kijana, nyumbani kwenu mnakula sukari ama mnakula karatasi?" aliniuliza mbele ya wateja, nao wakacheka. Hata hivyo, alianza kunitafutia. Kipande kimoja, densi ya polepole, kilipungukiwa na ukurasa wa mwisho tu. Mwalimu aliahidi kwamba nikikikamilisha atanifungulia piano ya kanisa nikipige chote. Sikuwa na haja nyingine duniani.

Ndipo mama mmoja wa kwaya akasema amesikia kuwa mtoto wa karani anaiba vitabu vya muziki kanisani. Hakusema ameona, alisema amesikia. Neno hilo lilizunguka soko likaingia kwetu, na siku hizo baba alikuwa akipendekezwa awe mzee wa kanisa.

Jioni moja alichelewa kurudi. Hakuvua koti. Aliinua godoro, akakusanya karatasi zangu zote, akaketi mbele ya jiko. Nilimwambia zimetoka dukani, azinuse, mafuta bado yamo.

"Sijakuuliza," alisema.

Ya kwanza kutia motoni aliitoa mfukoni mwa koti, nami nikadhani ni karatasi ya ofisini ya kukolezea moto. Kisha akatia zangu, moja moja, kwa utaratibu wa karani. Mafuta yaliwaka kwa pupa. Jumapili iliyofuata aliwaambia wazee kwamba jambo lile amelimaliza, nao wakampongeza kwa uthabiti wake. Akawa mzee wa kanisa. Mwalimu hakunifungulia piano kamwe.

Nilikua nikiamini kuwa baba alidanganywa na uvumi. Kwa ajili hiyo nimeishi bila kupokea neno lisilo na shahidi, na wanangu huniita hakimu nisipokuwepo. Kwa ajili hiyo pia nilimsamehe, tena mapema, kwani aliyedanganywa naye ameonewa.

Tulipokwisha kumzika baba, mama aliniita kando.

"Baba yako alijua hukuiba," alisema. "Siku ile alipitia kwa Noor akamuuliza. Noor akamwambia ni zake, na akampatia moja akuletee. Alisema ndiyo ulikuwa unatafuta."

Nilimuuliza iko wapi.

"Si ndiyo alianza nayo kuchoma? Aliogopa watu, mwanangu. Angewaambia nini, kwamba mama wa kwaya ni mwongo?"

Ukurasa ule ningeweza leo kuupata kwa kumwomba mjukuu wangu autafute kwenye simu. Sijamwomba. Baba alifanya uchunguzi ambao ningeufanya mimi, akapata ukweli kamili kutoka kwa shahidi wake, akautia motoni mbele yangu. Nilikuwa nimemsamehe mtu aliyedanganywa. Mtu huyo hakuwahi kuishi nyumbani kwetu.