Siku Padri Alipoomba na Mguu wa Kushoto

Jamani, nikiwaambia nimewahi kumwangusha padri altareni, tena Alhamisi Kuu, tena kanisa limejaa mpaka watu wamesimama nje madirishani, mtasema Baba Imma kaanza maneno yake, lakini ndivyo ilivyokuwa na aibu yenyewe natembea nayo hadi leo. Ila kila nikikumbuka siwezi kucheka mpaka mwisho, nacheka nusu halafu nanyamaza, kwa sababu nilichokiona siku ile sakafuni sijakiona tena mahali popote.

Enzi hizo ndiyo kwanza ruksa ya kuingiza bidhaa imekolea. Kariakoo ambayo juzi tu ilikuwa na rafu tupu (na sisi sote tukipanga foleni ya kipande cha sabuni) ilifurika bidhaa mpaka barazani, na mimi nilikuwa na duka la viatu kwenye mtaa mmoja unaoshuka kuelekea Gerezani, viatu vya Italia vilivyopitia Dubai, na kusema kweli nilikuwa nimenona, mwili na kichwa. Waliokuwa wakiniita Evaristi wakaanza kuniita Mangi, yaani chifu wa kwetu, nami sikuwakatalia. Tena nikawa nawaambia watu kwamba kwetu Kibosho nimekulia kwenye nyumba yenye lori la kubebea kahawa. Lori lilikuwepo, sisemi uongo, ila lilikuwa la jirani, na baba yangu alikuwa mmoja wa waliokuwa wakilipakia.

Sasa parokiani kwetu kila mwaka jumuiya zinatoa wanaume kumi na wawili wa kukaa mbele Alhamisi Kuu, ndio wanaokuwa mitume, na padri anawaosha miguu kama Bwana alivyowaosha wake. Mwaka huo baada ya Pasaka tulikuwa na uchaguzi wa halmashauri ya walei, na uenyekiti nilikuwa nautaka, tena sana (Mama Imma, mke wangu, anasema nilikuwa nauota kwa sauti). Basi kwenye sala ya jumuiya, katekista wetu Mzee Thadei alipouliza nani awe mtume wetu, nikakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kutajwa. Wakanitaja. Nikakataa mara moja, kwa adabu, nikaogopa kukataa mara ya pili wasije wakanikubalia.

Tatizo lilikuwa mguu wangu wa kushoto. Nilipokuwa mdogo funza walinitafuna huo mguu mpaka nikawa natembea kwa kisigino, na walipokwisha kidole gumba kilibaki bila ukucha, viwili vinavyofuata vimejikunja na kupandana. Miaka yote niliyokaa Dar hakuna mtu aliyeuona isipokuwa mke wangu. Beach siendi, ndala sivai, na mtu akinikaribisha kwenye mkeka namwambia mgongo unanisumbua. Mtu mwenye lori hawezi kuwa na mguu wa funza, nyie wenyewe mnajua. Ndiyo maana kabla sijashangilia sana nilimfuata Mzee Thadei pembeni.

"Shikamoo, Mzee. Hivi Baba Paroko si huwa anaosha mguu wa kulia tu?"

"Marahaba. Wa kulia tu," akanijibu. "Magoti yake yale hayamruhusu zaidi."

Basi nikapona. Alhamisi yenyewe mchana nikakaa kwa mafundi wa kucha pale Msimbazi, nikanyoosha mguu wa kulia nikawaambia wausugue huo tu (wakanishangaa, nikawaambia nina haraka), wakausugua, wakaupaka mafuta, ukang'aa, na mimi naenda kuoshwa mguu ambao nimeshaulipia kuoshwa. Wa kushoto ukabaki na vumbi lake.

Halafu ndiyo nikafanya ule uamuzi. Dukani ilikuwa imebaki jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, ncha imechongoka, viatu ambavyo ukivivaa hata mwendo unabadilika. Vilikuwa vidogo kwangu, tena sana. Nikajiambia ngozi inaachia. Nikachukua na soksi mpya nyeusi kutoka kwenye boksi, nikajikamua humo kwa kijiko huku Mama Imma amesimama mlangoni na leso yake ya kanisani.

"Baba Imma, unaenda kuvuliwa viatu," akasema. "Sasa unavaa vya nini? Si uvae makubadhi kama wenzako?"

"Wewe hujui mambo," nikamwambia. Ndiyo jibu nililokuwa nalo enzi hizo kwa kila kitu.

Nikawahi kanisani ili nichague kiti. Nikakaa cha kwanza kabisa, upande wa watu, kile ambacho katekista anakiita cha Petro. Cha pili alikaa Baba Oliva, muuza vifaa vya ujenzi ambaye naye uenyekiti alikuwa akiutaka, na nilipoona amekuja na sandali za Kimasai nikamwonea huruma, mwenzangu huyu hajui kujiweka.

Misa ya jioni, joto la Dar mnalijua, mapangaboi yanazunguka tu bila faida, na miguu yangu ndani ya ile ngozi ikaanza kuvimba. Injili ikasomwa, ile ya Petro kukataa kuoshwa, nikatikisa kichwa kumlaumu. Baba Paroko akavua kasula, lile joho la misa, akajifunga taulo kiunoni. Alikuwa mzee wa Kiluguru, mfupi, mpole, magoti yameisha kwa kupanda milima ya kwao alipokuwa padri kijana. Akapiga goti mbele yangu kwa shida, huku ameshika kiti changu. Kwaya ikaanza kuimba.

Nikainama kufungua kamba, kamba ikafunguka, kiatu kikakataa. Nikavuta, kikakataa. Jasho likaanza kunidondoka puani.

"Acha, mwanangu, nipe mimi," Padri akasema, akashika kisigino kwa mikono miwili akavuta. Kiatu hakikusogea, ila kiti kilisogea na mimi juu yake, na kule kwenye sauti ya kwanza ya kwaya nikasikia mtu amecheka akajifanya anakohoa. Padri akavuta tena, nami kwa kutaka kumsaidia nikasukuma mguu kwa nguvu zangu zote, kiatu kikachomoka kwa mpigo, na Baba Paroko akaenda nyuma akakaa chini, akakaa ndani ya beseni, beseni likapinduka, maji yakasambaa mpaka kwenye zulia la altare.

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mzee Thadei akaja mbio na watumikiaji wote, wamnyanyue, na mimi nimekaa kwenye kiti cha Petro nimeshika viegemeo natamani ardhi ipasuke. Padri akainua mkono.

"Niacheni hapa hapa," akasema. "Nikiinuka sitaweza kurudi. Leteni maji mengine."

Akabaki amekaa sakafuni kwenye yale maji, miguu ameinyoosha mbele kama mama anayechambua mchele, akanivua soksi. Na chini ya soksi, jamani, ule mguu wangu uliosuguliwa Msimbazi ulikuwa mweusi tii kama nimekanyaga lami. Soksi zilikuwa zimechuja. Zile zile nilizokuwa nawauzia watu nikiwaapia kwa Mungu kwamba hazichuji. Wamama wa mstari wa mbele wakaguna, na mmoja akamwuliza jirani yake kama ni ugonjwa.

Padri hakuguna. Akamwagiwa maji akaanza kusugua kwa kiganja, polepole, na yale maji meusi yakawa yanateremka kwenye mikono yake na kuingia kwenye kanzu yake nyeupe, na yeye anasugua tu, mpaka rangi yangu ikarudi. Akaufuta, akaubusu. Nikashusha pumzi, nikajua limekwisha.

"Na huo mwingine," akasema.

"Huo ni msafi, Baba."

"Umevaa soksi zile zile?" akaniuliza, na nikaona anatabasamu. "Basi si msafi. Ulete."

Nikaurudisha mguu chini ya kiti. Sikukusudia, mguu wenyewe ulirudi. Nyuma yangu wapo wateja wangu, wapo niliowaambia habari za lori na wapo watakaopiga kura, na mbele yangu mzee amekaa kwenye maji machafu niliyoyamwaga mimi, ameninyooshea mkono, ananingoja. Unasikia mapangaboi tu.

"Kuna nini humo?" akaninong'oneza.

"Baba, huo mguu ni mbaya."

"Sasa ulidhani nimekaa chini hapa natafuta mzuri?"

Sijui niwaelezeje. Hakulisema kwa ukali wala kwa kuhubiri, alilisema kama mtu anayeuliza bei. Nikauleta. Safari hii Baba Oliva akaushika mguu wangu juu, Padri akavuta taratibu, kiatu kikatoka, soksi ikatoka, na mguu wa kushoto wa Evaristi wa Kibosho ukawa nje mbele ya waumini wote, na rangi ya soksi juu yake, na vile vidole. Nikafumba macho nikingoja kicheko.

Hakikuja. Nilichosikia ni maji, halafu nikasikia vidole vya Padri vikipita kidole kwa kidole, hata pale vilipopandana akaingiza kidole chake akasafisha katikati, mahali ambapo mimi mwenyewe huwa napapita haraka.

"Funza?" akauliza, sauti ya chini kabisa.

"Funza, Baba."

"Nani alikuwa anakutoa?"

"Mama. Kwa sindano."

"Ulikuwa unalia?"

"Alikuwa analia yeye."

Akachukua maji mengine akaumwagia kidogo kidogo, akaufuta kwa ile taulo, akainama pale alipokaa akaubusu ule mguu mahali pasipo na ukucha, akakaa hivyo kwa muda. Nikafumbua macho nikaona kisogo chake, kipara chenye mvi chache kimelowa, juu ya mguu wangu. Na hapo niliogopa. Si woga wa kuonekana, ule ulikuwa umekwisha sijui saa ngapi. Niliogopa vile mtu anavyoogopa akigundua kwamba mahali anaposimama ni patakatifu na yeye ameingia na maneno ya sokoni mdomoni. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

Halafu nikasikia kitu kinagonga sakafu, nikageuka, ni Baba Oliva anavua sandali zote mbili. Aliyefuata naye akavua vyote viwili, na mwingine, mpaka kiti cha mwisho. Padri hakuweza kuinuka, basi akasota. Alisota kwa makalio kutoka kiti hadi kiti, anasukuma beseni mbele yake, na kila alipofika akaosha yote miwili. Mimi muuza viatu nimeona miguu mingi, lakini wale watu niliwajua kwa maduka yao na magari yao, na sasa nikaiona miguu yao, mmoja una kovu la jembe, mwingine umepasuka visigino, mwingine una vidole vya funza kama vyangu, wa tajiri mmoja wa vitenge (naye huwa hakai mkekani, ndiyo nikajua kwa nini). Hapakuwa na hata mmoja uliozaliwa ndani ya kiatu. Kwaya walirudia wimbo mpaka wakachoka wakaacha, na hakuna aliyetoka nje, hata watoto walitulia.

Vile viatu havikuingia tena. Nikarudi nyumbani peku, nimevishika mkononi, nimepita mbele ya duka langu mwenyewe, na wapangaji wa barazani wakiniuliza, "Mangi vipi, wamekuibia?" Nikawaambia vimenibana. Mama Imma alikuwa pembeni yangu na hakusema neno, na mnamjua, kwake huo ndio mshangao mkubwa kuliko yote. Kwenye ngazi tu ndipo aliponiambia nishike ukuta, nisijikwae.

Uenyekiti sikuugombea. Ningependa kuwaambia ni kwa sababu ya unyenyekevu, lakini ukweli niliona haya, akapata Baba Oliva na akaufanya vizuri. Lori la kahawa nililirudisha kwa mwenyewe, nikawaambia watu baba yangu alikuwa mpakiaji, na mbingu hazikuanguka.

Ila ngojeni, aibu yenyewe haikuishia kanisani. Pasaka haijapita vizuri nikaanza kuwasimulia wateja dukani. Siku ya kwanza nikasimulia vizuri. Siku iliyofuata nikasema Padri aliponiomba mguu wa kushoto nilimpa papo hapo. Wiki ya pili nikajisikia nikimwambia mama mmoja aliyekuja kununua viatu vya komunyo kwamba ni mimi niliyemwambia, "Baba, osha na huu, mimi sina cha kuficha," na yule mama ananitazama kwa heshima, anasema Mungu akubariki kaka, na mimi napokea hizo baraka zote bila kubakiza. Nyuma ya rafu nikasikia sauti ya Mama Imma.

"Baba Imma. Jana si ni Padri aliyeomba?"

Nilishikwa na aibu kubwa kuliko ya beseni. Mungu ametuma mzee wa watu akae kwenye maji machafu kunitoa majivuno, na mimi nimeyachukua maji yale yale nikajikoga nayo. Kumbe kiburi hakina haya, ukikitoa kwa mlango wa mbele kinazunguka uani, kinaingia na rozari mkononi, na unakikaribisha kiti.

Ndiyo maana niliapa mkasa huu sitausimulia tena Mama Imma akiwa hayupo. Ninyi wenyewe mnamwona amekaa pale na ufumaji wake, na kila nilipofika kwenye sehemu yangu alikuwa akiinua macho. Leo mpaka hapa hajanikatiza.