Picha Niliyoifuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kompyuta ya ofisi yetu pale Kambarage, mjini Shinyanga, ilipokea barua pepe kupitia laini ileile tuliyopigia simu. Mimi ndiye niliyesimamia orodha ya barua pepe ya watu wa Shinyanga waliotawanyika duniani.

Asubuhi moja, mwenzetu aliyekuwa akisoma Urusi alitutumia sote picha yake. Ikaziba laini hadi mchana, na bosi akanifokea. Nikaifuta bila kuifungua, kisha nikamwandikia mbele ya wote: “Hapa si studio. Tuma maneno tu. Na ninyi wengine, ifuteni.”

Akajibu: “Samahani, kaka. Nilitaka mama anione.”

Miezi michache baadaye mwenzetu huyo alifariki, wakamzika hukohuko Urusi. Nikaulizia ile picha kwenye orodha. Wote walikuwa wamenitii.

Mama yake akaja ofisini kwa miguu kutoka Ngokolo. Nikamwamkia. Akaitikia, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

“Mwanangu, nasikia mashine hii inaleta picha za watu walio mbali. Nionyeshe wangu, hata mara moja tu.”

Nikamjibu kwamba mashine yetu inaleta maneno tu.