Masikio ya Mzee Kimya

Ubaya wa mtu asiyependa maneno ni kwamba hata akianza kupoteza masikio, hakuna anayegundua. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzee Kimya. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, wala hakuwa mzee sana. Mvi zilikuwa ndiyo kwanza zinapiga hodi kidevuni. Ukimsalimia, alitikisa kichwa. Ukimtania, alitabasamu. Ukimwuliza jambo refu, aliinua mabega akarudi kwenye mashine yake. Kwa hiyo alipoanza kutikisa kichwa hata pale ambapo hakusikia neno, watu walimwona ni yuleyule wa siku zote.

Kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Karakana ilitengeneza vitanda na makochi, na kila ubao ulioingia ulipita kwanza mikononi mwake, kwenye msumeno wa duara uliokuwa ukilia tangu asubuhi hadi jioni. Kazi hiyo hufanywa kwa macho, lakini zaidi kwa masikio. Msumeno ukikutana na fundo ndani ya mti, sauti yake hubadilika kabla mkono haujahisi kitu. Ubao ukitaka kubana, mashine hulalamika kwanza, nawe unapata nafasi ya pumzi moja tu kuondoa vidole. Miaka yote Mzee Kimya aliyatii malalamiko hayo, na ndiyo maana vidole vyake vyote vilikuwa bado mahali pake.

Sasa hakuyasikia tena. Mwanzoni aliona kama mashine imetulia, akadhani msimamizi ameitia grisi. Baadaye dunia nzima ikatulia. Kisha siku moja ubao ulibana bila taarifa, ukaruka, ukampita kando ya mbavu na kwenda kugonga ukuta. Wenzake walikuja mbio. Akajifuta jasho, akasema mkono uliteleza. Moyoni alijua. Msimamizi akigundua, atamwondoa kwenye mashine siku hiyohiyo. Na asipogundua, ipo siku mashine yenyewe itamwondoa.

Hakumwambia mtu, hata mkewe. Alimwambia Mungu tu, kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, akiwa ameinama kama anayekagua mkanda. Aliomba muujiza, na aliomba ufanyike kimyakimya, mtu asijue. Kwenda zahanati hakutaka. Kwanza aliogopa kuambiwa masikio yamekufa moja kwa moja. Halafu, na hili ndilo lililomsumbua zaidi, aliona mtu aliyeomba muujiza kisha akaenda kupanga foleni kwa muuguzi ni kama amemwambia Mungu: basi, acha, nimepata fundi mwingine.

Jumapili baada ya chakula cha mchana familia ilikaa sebuleni kusoma Neno. Kanisani walikuwa wamepewa kazi: kila nyumba izungumze habari za miujiza ya Yesu, kila mmoja achague wake na aseme unamfundisha nini. Walikuwa watano. Yeye, mkewe aliyekuwa mshonaji, binti mkubwa, binti mdogo aliyependa kuuliza kuliko kujibu, na mama yake mkewe, ambaye wote walimwita Bibi na ambaye ndiye aliyeongoza kikao kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu kumzuia.

Binti mdogo alichagua Yesu kutembea juu ya maji, akataka kujua kama alivua viatu kwanza. Bibi alichagua maji kugeuka divai, akasema yeye huwaonea huruma wale watumishi waliojaza mitungi mpaka juu, maana hakuna aliyewapa hata pole. Mzee Kimya aliona midomo ikicheza, na walipocheka naye akacheka. Zamu yake waliiruka kama kawaida.

Ikafika ya binti mkubwa. Yeye alichagua habari ya yule kiziwi aliyeletwa kwa Yesu, na badala ya kusoma akaigiza. Alimshika mdogo wake mkono, akamvuta hadi kona ya chumba, mbali na wengine. Akamtia vidole masikioni. Akamgusa ulimi, mdogo akalalamika kwamba vidole vina chumvi. Kisha akatazama juu, akashusha pumzi ndefu. Na muda wote huo hakuwa akimtazama mdogo wake. Alikuwa akimtazama baba yake.

Hapakuwa na cha kusikiliza, kwa hiyo Mzee Kimya alielewa kila kitu. Uso ukamwaka moto. Akainuka, akatoka nje, akaenda nyuma ya nyumba kwenye kamba ya nguo, akajifanya anagusa shuka kuona kama zimekauka.

Mkewe alimfuata peke yake. Akapita kati ya shuka mbili, akasimama karibu naye, ana kwa ana, ili auone mdomo wake.

"Baba watoto, husikii?"

Alitaka kuinua mabega. Mabega yakakataa.

"Sisikii, mama watoto."

Mkewe hakugomba, ingawa alikuwa na haki ya kugomba. Alimsemea sikioni kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia dirishani, kwamba binti yao mkubwa, aliyemnong'oneza yeye sasa hivi, aligundua zamani. Alikuwa akimwita baba yake kwa nyuma njiani, naye hageuki. Mtoto wa watu akakosa namna ya kusema jambo kama hilo bila kumwaibisha mzazi wake. Hapo Mzee Kimya akatoa yote yaliyokuwa kifuani: ubao ulioruka, msimamizi, maombi ya kila asubuhi, na jinsi alivyoona kwenda zahanati ni kumgeuzia Mungu mgongo.

Mkewe akamshika masikio yote mawili, kama mtu anayetaka kuinua chungu.

"Yesu angeweza kusema neno moja akiwa amesimama mbali," akasema. "Lakini alimtia yule mtu vidole masikioni, na mate akatumia. Yeye hakuona haya kulishika sikio. Wewe unaona haya gani kulipeleka likashikwe?"

Asubuhi walikwenda zahanati. Muuguzi alimulika sikio la kulia. Akamulika la kushoto, akamwita mwenzake aje aone. Mzee Kimya alipowaona wawili wameinama juu yake kama watu wanaochungulia kisima, alimshika mkewe mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Hakuambiwa kitu. Aliwekewa taulo begani na beseni chini ya sikio, na muuguzi akaanza kusukuma maji ya vuguvugu kwa bomba. Yalitoka kwanza maji yenye rangi ya chai. Kisha vumbi la mbao. Kisha kikaanguka kitu kwenye beseni: kipande cha sponji kilichoshikamana na nta na vumbi hadi kuwa kigumu kama kokwa.

Nyuma ya kipande hicho ikaingia dunia. Maji yakidondoka. Kiti kikikwaruza sakafu. Mtoto akilia chumba cha pili. Na karibu naye sauti ya mkewe, ya chini kabisa, ikimshukuru Bwana.

Mambo yalikuwa hivi. Kule karakana watu wa mashine walizoea kunyofoa vipande vya sponji ya makochi na kuziba masikio, kelele isiwaumize. Jioni kila mtu alijichokonoa, akatoa. Vyake vilikatikia ndani, vumbi likakaa juu yake, na kesho yake akasukumia vingine. Alijiziba kwa mikono yake mwenyewe, halafu akamwomba Mungu amzibue. Muuguzi alimwambia la kulia liko safi. La kushoto limechoshwa na kelele, na halitarudi kama zamani. Akamwonya aachane na sponji, avae vifuniko vya kukaa juu ya masikio.

Njiani alisimama ghafla.

"Viatu vyako vinalia."

"Vinalia tangu mwaka jana," mkewe akamjibu.

Mchana huohuo alikwenda kwa msimamizi na kumweleza yote bila kuficha, hata ule ubao ulioruka. Hayakuwa maneno mengi, lakini kwake yalikuwa hotuba. Msimamizi alimsikiliza amekunja uso, kisha akachomoa sponji sikioni mwake, akamwomba arudie. Aliporudia, msimamizi alikitazama kile kipande kiganjani kwa muda mrefu, akakitupa. Akasema mashine ni yake bado, lakini asiiguse mpaka vifuniko vipatikane, na vitapatikana vya watu wote.

Jumapili iliyofuata kikao kilikuwa moto. Binti mdogo alisikitika waziwazi.

"Kwa hiyo si muujiza," akasema. "Baba alikuwa na kochi masikioni tu."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mkewe akauliza, maji yale yangemfikia vipi mtu aliyekuwa amejificha? Yeye aliona muujiza ulianzia nyuma ya nyumba, kwenye shuka. Binti mkubwa alisema kinachomgusa katika ile habari ni kwamba kabla ya kumponya yule mtu, Yesu alimtoa kwanza kwenye macho ya watu. Alijua ana aibu.

"Na sikio la kushoto?" binti mdogo akauliza. "Mungu alilisahau?"

"Hilo amemwachia apumzike nikianza kuhubiri," Bibi akasema. Kisha akamgeukia mkwewe, akamwambia ajiandae, Jumapili ijayo atasimama kanisani kutoa ushuhuda.

Jasho likamtoka. "Mama, si Yesu aliwakataza wale waliomleta kiziwi wasimwambie mtu?"

"Na walinyamaza?"

"Hawakunyamaza, Mama."

"Basi."

Safari hii zamu yake hawakuiruka. Walinyamaza wakimsubiri, na hata ukimya wao aliusikia. Alikuna kidevu.

"Niliomba nisikie na mtu asijue," akasema. "Nimesikia, na mmejua wote. Sasa sijui Mungu amenipa au amenikatalia." Akafikiri tena. "Lakini nikiwaangalia hapa, hilo alilokataa ndilo limenipa raha zaidi."

Akamwomba binti mkubwa asome ile habari upya. Safari hii asiigize, asipaze sauti, asome tu kama anavyosoma. Yeye mwenyewe akahamisha kiti hadi mlangoni, mbali, akalielekeza sikio la kulia. Binti akasoma. Kila neno lilimfikia, moja baada ya jingine, mpaka pale masikio ya yule mtu yalipofunguka.

Binti mdogo akamwinamia dada yake, akamnong'oneza kwamba baba analia.

"Nimesikia," Mzee Kimya akasema.