Kishindo Kwenye Kona ya Magamba

Daktari alinipima presha, akanitazama tumbo, akasema, "Mama, kimbia." Nilidhani ananitania. Mimi mwalimu, mke wa mtu, nimevuka arobaini, nikimbie kwa lipi? Lakini mama yangu mzazi alianguka shambani jembe mkononi, kwa presha hiyo hiyo, nami nilikuwa na watoto wa kusomesha. Nikameza maneno yangu, na hiyo si kazi rahisi kwangu. Mume wangu alicheka. "Mtu hakimbii bure," akasema. "Kama hafukuzi, anafukuzwa."

Nikaanza alfajiri, barabara ya kutoka Lushoto kupanda Magamba, ili wanafunzi wasinione. Nilivaa viatu vyangu vya kazini, vya ngozi, soli ngumu, maana vingine vilikuwa ndala tu. Na nilikimbia kama mwizi wa kuku. Kilikuwa kipupwe, ukungu umeshuka mpaka barabarani, huoni hata mkono wako. Mbega walikuwa wakikoroma msituni. Nilisikia viatu vyangu, ko, ko, ko, na mara nyingine nikahisi hizo ko zimezidi miguu yangu. Nikasimama kusikiliza. Nazo zikasimama. Nikakumbuka maneno ya mume wangu, nikaongeza mbio.

Kwenye kona moja sauti ikatoka ndani ya ukungu: "Nani?"

Hakuwa ananiuliza mimi ni nani. Kwetu, mtu mzima akikimbia barabarani alfajiri, anapeleka habari ya msiba, na anayemsikia huuliza nani aliyekufa. Nami nilikuwa nahema, hata kujibu siwezi. Aliyeuliza akasogea: bibi kizee, kanga mbili, miguu peku. Alikuwa anasubiri jibu, na mimi nimeshika magoti nahema tu. Uso ule unanijia mpaka leo.

"Shikamoo, bibi," nikapata kusema. "Hakuna msiba. Nafanya mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi ya nini?"

"Ya moyo."

"Basi wangu umeshausimamisha," akasema, akakaa palepale kwenye tope.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekwenda Mererani kuchimba vito, kama vijana wengi wa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Tangu aondoke hakuleta hata salamu. Nyumba yake ilikuwa hapo hapo kwenye kona, na kila kishindo barabarani, bibi alimzika kwanza ndipo akauliza. Ningebadili njia, ila nyingine zote ni za kushuka, na kushuka Usambara maana yake ni kupanda baadaye ukiwa umechoka.

Vidole vikaniuma, magoti yakaniuma. Siku ya gulio nikaenda Soni kutafuta raba. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika, na watu waliiita kafa ulaya, wakiamini mwenyewe kafa huko ndiyo maana nguo zake zimefika huku. Nikapata raba nyeupe zilizonikaa sawasawa, ila soli ya kushoto ilikuwa imelika upande. "Chukua, mama," akasema muuzaji, "mwenyewe hazihitaji tena." Sokoni nilicheka. Alfajiri sikucheka, maana mguu wa kushoto ulivutwa pembeni kila hatua, kuelekea korongoni. Na raba zile hazikuwa na sauti. Nikatokea mbele ya bibi kabla hajanisikia, akapiga ukelele, akaanza kusoma dua.

"Afadhali ulipokuwa na kishindo," aliniambia, na alikasirika kweli. "Kinachokuja bila kishindo si mtu. Tena umevaa viatu vya marehemu! Kesho piga hodi ukiwa kule kwenye mikaratusi, uniamkie, nijue ni wewe na upuuzi wako."

Nikapiga hodi. Siku za kwanza shikamoo ilinikatikia kooni, na sauti yake ikanijia ukunguni, "Shika nini? Maliza." Nikapunguza mbio mpaka salamu ikatoka nzima, huku nahema lakini nasikika. Hapo ndipo nilipoujua mwendo wangu. Raba ya kushoto nikaiwekea kipande cha ndala ndani, ikaacha kunivuta. Presha ikashuka. Bibi naye akatulia. Alisema akinisikia nahema anajua hakuna habari, anageukia upande wa pili na kulala.

Asubuhi moja, kabla sijatoka, mwenyekiti wetu alibisha mlangoni. Basi la Arusha lilikuwa limeleta maneno: shimo la Mererani limemfunika yule mtoto wa bibi. "Wewe bibi amekuzoea," akasema. "Tangulia umkalishe. Sisi wazee tunakuja nyuma."

Nilivaa raba zile zile, sijui kwa nini. Sikukimbia. Niliogopa nikikimbia nitamshtua, nikaona bora nitembee, niingie taratibu, nimshike mkono. Mbega walikuwa kimya. Raba hazikutoa sauti, lakini nyuma yangu nilisikia miguu, na nilipogeuka hapakuwa na mtu, wazee walikuwa bado mbali. Kwenye mikaratusi nikapiga hodi, nikaamkia, salamu nzima, bila kukata neno.

Hakuitikia. Nilimkuta amesimama mlangoni, kanga ameshajifunga kiunoni.

"Leo huhemi," akasema.

Nikanyoosha mkono nimshike wake.

"Nani?" akaniuliza, na mtoto alikuwa naye mmoja tu.